Malaria ya kila mwezi isiyoonekana kwenye hadubini

Kuna daftari la kliniki ambalo ukilifungua tu unajua jambo halijakaa sawa. Mwandiko unabadilika ukurasa kwa ukurasa, maneno ni yale yale. Homa siku tatu, malaria, dawa mseto. Homa siku nne, UTI, antibayotiki. Homa na tumbo, taifodi, sindano. Ukiacha maneno ukasoma tarehe peke yake, unaona kitu kingine: 4 Februari, 3 Machi, 1 Aprili, 29 Aprili. Kila mara mtoto amepona, kila mara dawa imesifiwa, na baada ya wiki nne mama yupo tena kwenye benchi.

Nimewahi kuandika kurasa za namna hiyo mwenyewe. Nilikuwa naitibu homa iliyokuwa mbele yangu, basi. Magonjwa ninayoyaeleza hapa, homa za vipindi ambazo nyingi ni za kurithi, hayatambuliki kwa kuitazama homa moja. Yanatambulika kwa kuhesabu siku ambazo mtoto alikuwa mzima.

Kwanza, yenyewe ni nini? Kinga ya mwili ina makorokoroni wake: chembe za damu ambazo hazingoji kumjua adui ni nani, zikisikia kishindo tu zinapiga filimbi. Filimbi hiyo ni kemikali, na inayotajwa zaidi ni intaliukini-1. Ndiyo inayoleta joto, maumivu, uvimbe na wekundu, mkusanyiko ambao kwa Kiswahili cha tiba huitwa mchochota. Kwa watu wachache jeni inayomdhibiti korokoroni huyu ina kasoro, na kasoro hiyo hurithiwa. Anapiga filimbi usiku wa manane na mwizi hayupo. Mtaa mzima unaamka, siku tatu hakulaliki, kisha kimya. Hakuna kijidudu cha kuuawa, ndiyo maana antibayotiki haifui dafu. Homa huondoka kwa sababu muda wake umekwisha, na sifa anapewa yeyote aliyekuwa karibu: dawa mseto, sindano, au kombe lililoandikwa kwa zafarani.

Kabla ya hatua yoyote

Siku ya homa ni siku ya homa. Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayepumua kwa kasi, mwenye shingo ngumu, aliyelegea asiamke vizuri, au mwenye madoa ya damu chini ya ngozi anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama unaamini unaijua homa yake. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa anapelekwa bila mjadala. Kuwa na homa ya kurithi hakumkingi mtu na malaria.

Hatua ya kwanza: ondoa yale ya kawaida, lakini yaondoe kwa haki

Hapa ndipo wengi tunapoteleza, kwa sababu vipimo vyetu vya kila siku vina tabia zao.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kidoleni, mara nyingi husaka protini ya kimelea, hakimsaki kimelea aliye hai. Protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa malaria ya kweli mwezi uliopita anaweza kuonyesha mistari miwili leo wakati homa yake ya leo ina chanzo kingine. Mwenye homa zinazorudi apimwe kwa hadubini, na jibu liandikwe kwa idadi ya vimelea. Maeneo yenye malaria nyingi kuna tatizo la nyongeza: watu hutembea na vimelea wachache bila kuumwa, hivyo kumwona kimelea mmoja hakumalizi shauri. Kwa upande mwingine, mtoto wa Nairobi asiyesafiri anapoambiwa ana malaria kila mwezi, hiyo peke yake inatosha kukufanya uulize.

Kipimo cha Widal cha taifodi nakiamini kidogo sana. Kingamwili za zamani hukifanya kisome vibaya, na wengi wetu tumewahi kukutana na vijidudu vya jamii hiyo. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu. UTI nayo huthibitishwa kwa kuotesha mkojo; seli chache za usaha kwenye mkojo wa mtoto mwenye homa si ushahidi.

Kisha yapo ya kwetu yanayofanana kabisa na homa za kurithi. Homa ya papasi ndiyo ndugu pacha: inapanda siku tatu hivi, inakata kama wiki, inarudi. Papasi hukaa kwenye nyufa za nyumba za udongo, na maeneo ya Dodoma yanajulikana kwa hilo. Kijidudu chake huonekana kwenye damu iliyochukuliwa wakati joto limepanda, basi mwambie mtu wa maabara unachokitafuta. Brusela hupatikana kwa maziwa mabichi na kwa kuzalisha mifugo. Kifua kikuu, hata kile kisichokaa kifuani. VVU. Selimundu, ambayo huleta homa, maumivu ya tumbo na viungo kwa vipindi, na ni ya kurithi pia. Kwa watoto wa Pwani na Kanda ya Ziwa nisingemaliza uchunguzi bila kipimo cha selimundu. Na saratani ya damu, ambayo mwanzoni hujificha nyuma ya homa na kupungukiwa uzito.

Upo ugonjwa mmoja zaidi ambao husahaulika: chembe nyeupe zinazoshuka kila baada ya siku 21 hivi, mtoto akapata homa na vidonda mdomoni. Ili kuunasa, damu hupimwa mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Ni usumbufu, najua.

Hatua ya pili: kalenda

Chukua kalenda ya ukutani, zile za duka la vifaa zenye nafasi kubwa za siku. Siku ya homa paka rangi nyekundu. Siku ya afya iache nyeupe. Usisubiri daktari akuagize, na usitegemee kumbukumbu, kwa maana mzazi aliyekesha siku tatu hukumbuka kwamba mtoto "anaumwa kila siku", jambo ambalo kalenda hulikanusha papo hapo.

Kwenye kila siku nyekundu andika joto lililosomwa na kipimajoto, si la kiganja cha mkono. Andika saa lilipoanza na saa lilipokata. Andika ni nini kiliuma: koo, tumbo, kifua akivuta pumzi, goti moja, kisigino. Vidonda mdomoni? Tezi za shingoni? Harara, na iko wapi? Ipige picha kwa simu, kwa sababu siku ya kliniki itakuwa imeshafutika. Macho mekundu, kope kuvimba, kuhara, kutapika. Dawa zote alizopewa na saa alizopewa. Na lililotangulia: chanjo, baridi kali, safari, hedhi kwa msichana mkubwa, mitihani.

Bibi akisema homa ya mjukuu wake huja na mwezi mwandamo, tusimcheke. Amekupa kipindi: siku 29 au 30. Waganga wa zamani walikuwa na kalenda nzuri kuliko faili zetu.

Miezi mitatu ya kalenda inatosha kuanzia, sita ni bora. Pembeni chora uzito na kimo cha kila mwezi. Mtoto anayekua vizuri, anayecheza, na aliye mzima kabisa katikati ya homa anakuelekeza kwenye homa za vipindi. Asiyeongezeka uzito, au ambaye siku zake nyeupe si nyeupe kweli, anakurudisha hatua ya kwanza.

Hatua ya tatu: damu mara mbili, motoni na kwenye utulivu

Hiki ndicho kipimo chenye thamani kubwa kwa fedha ndogo, na karibu hakuna anayekiagiza, kwa sababu nani ampeleke maabara mtoto asiyeumwa?

Siku ya pili ya homa pima picha kamili ya damu, CRP na ESR (vipimo vya damu vinavyoonyesha mchochota), pamoja na mkojo. Wiki mbili baadaye, mtoto akiwa anakimbia uwanjani, rudia vile vile. Katika homa za mchochota, CRP hupanda sana wakati wa moto na kushuka hadi kawaida, au karibu na kawaida, wakati wa utulivu. Ikibaki juu siku nyeupe, ama mchochota unaendelea chini kwa chini, ama kuna kitu kingine, na vyote viwili vinahitaji daktari bingwa. Isipopanda kabisa wakati mtoto ana joto la nyuzi 39, utambuzi huu una mashaka.

Mkojo unapimwa kwa kijiti ili kutafuta protini. Sababu yake nitaifikia kwenye tiba, lakini usiiruke.

Hatua ya nne: soma urefu wa homa

Sasa weka kalenda mezani. Urefu wa kipindi kimoja husema mengi kuliko ukali wake.

Homa ya siku tatu hadi sita, inayorudi kila wiki tatu hadi sita kama basi la ratiba, kwa mtoto aliyeanza kabla ya miaka mitano, pamoja na koo jekundu, vidonda vidogo mdomoni na tezi za shingoni: hiyo huitwa PFAPA. Ilielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1987, na ndiyo inayoonekana zaidi kwa watoto. Haina jeni moja inayojulikana, ingawa mara nyingi mzazi mmoja atakumbuka kwamba naye "alikuwa na mafindofindo sana" utotoni. Naiweka hapa kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo kabla ya zile nyingine zote. Huisha yenyewe mtoto akikua.

Homa fupi, ya nusu siku hadi siku tatu, yenye tumbo linalouma hadi kugusika haliwezekani, au kifua kinachochoma akivuta pumzi, au goti au kifundo kimoja kilichovimba, wakati mwingine na wekundu wa ngozi juu ya kifundo cha mguu: ndiyo homa ya kifamilia ya Mediterania. Mwaka 1945 daktari Sheppard Siegal wa New York aliandika kuhusu wagonjwa wa namna hii. Mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti yaliipata jeni yake, MEFV, kwenye kromosomu ya 16. Wagonjwa wengi ni Waturuki, Waarmenia, Wayahudi na Waarabu. Wengi wamepasuliwa kidole tumbo kisichokuwa na kosa. Kwa mtoto wa Kitui au Bukoba asiye na nasaba hizo ni jambo la nadra. Pwani, ambako koo nyingi zina mizizi ng'ambo ya bahari, swali linafaa kuulizwa, ila nasaba peke yake si ushahidi.

Homa ya siku tatu hadi saba iliyoanza tangu uchanga, yenye tezi kubwa, kuhara, kutapika na harara, na ambayo mara nyingi hufuata chanjo, huelekeza kwenye upungufu wa kimeng'enya kinachotokana na jeni ya MVK. Madaktari wa Uholanzi waliieleza mwaka 1984. Chanjo haziachwi kwa sababu hiyo. Hupangwa, na familia huandaliwa kwa siku chache za joto.

Homa inayopita wiki moja, hata kufika wiki tatu, yenye maumivu ya misuli yanayohama yakiburuta wekundu wa ngozi na kope zilizovimba, ni TRAPS. Ilijulikana mwanzo kwa ukoo mmoja wenye asili ya Ireland, mwaka 1982, na jeni yake ikapatikana 1999.

Na mtu ambaye baridi ya Julai kule Limuru, au kiyoyozi cha benki, humtoa vipele kama vya mzio pamoja na homa na maumivu ya viungo, hasa kama kwao kuna watu waliopoteza usikivu mapema, achunguzwe jeni ya NLRP3.

Mipaka hii si ukuta. Watu huvuka.

Hatua ya tano: uliza ukoo bila kuuliza ugonjwa

Ukiuliza "kuna mwenye ugonjwa huu kwenu?" jibu ni hapana. Uliza nani alikuwa na malaria sugu utotoni. Nani alifariki kwa figo akiwa kijana. Nani aliziwika kabla ya uzee. Nani alipasuliwa tumbo wakakuta hakuna kitu. Kisha chora matawi. Ugonjwa unaoshuka kutoka kwa babu kwenda kwa mama kwenda kwa mtoto hurithiwa kwa nakala moja ya jeni, kama TRAPS. Unaotokea kwa ndugu wawili huku wazazi wakiwa wazima mara nyingi huhitaji nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na hapo ndoa ya binamu huongeza uwezekano. Ulizeni kwa adabu. Hakuna aliyekosea kwa kuoa kwao.

Hatua ya sita: kipimo cha jeni, na mitego yake

Sampuli ni damu au mate, na mara nyingi hutumwa nje. Omba kipimo cha jeni kadhaa kwa pamoja, zikiwemo MEFV, TNFRSF1A (ndiyo ya TRAPS), MVK, NLRP3 na ADA2. Peleka na kalenda, kwa maana anayesoma majibu bila kujua homa huchukua siku ngapi anapiga ramli.

Mtego wa kwanza ni jibu la "mabadiliko yasiyojulikana maana yake". Hilo si jibu la ugonjwa. Mfano unaotuhusu sisi Waafrika: badiliko la P46L kwenye jeni ya TRAPS linaonekana kwa watu wengi wenye asili ya Afrika walio wazima kabisa, na mtu anaweza kupewa ugonjwa kwa sababu tu kumbukumbu nyingi za jeni zilijengwa kwa damu za Wazungu. Mtego wa pili ni kinyume chake: kuna wagonjwa wa homa ya Mediterania wenye nakala moja tu iliyobadilika, na wachache wasio na hata moja. Kalenda ikisema ndiyo na jeni ikasema sijui, mimi husimama na kalenda.

Tiba

Kwa PFAPA, dozi moja ya prednisoloni, miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya mtoto, ikitolewa mwanzoni mwa homa, huizima ndani ya saa chache. Inashangaza kuona. Lakini homa inayofuata inaweza kuja mapema zaidi, na dawa hii huficha kifua kikuu, malaria na saratani ya damu kwa muda. Isinunuliwe duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Familia nyingine huchagua kupunguza joto tu na kungoja umri upite. Waliochoka kabisa huweza kushauriwa kuondoa tezi za koo, na kwa wengi homa hukoma.

Kwa homa ya Mediterania dawa ni kolchisini, ile ile ya jongo. Mwaka 1972 Stephen Goldfinger wa Boston aliripoti kwamba inazuia mashambulizi, na maisha ya wagonjwa yakabadilika. Kabla ya hapo wengi waliishia kwenye figo: mchochota wa miaka mingi huacha protini iitwayo amiloidi, inayojaa kwenye figo kama tope kwenye mfereji. Ndiyo maana kolchisini humezwa kila siku, siku nyeupe na nyekundu sawasawa, maisha yote, na ndiyo maana mkojo hupimwa protini angalau kila miezi sita. Anayemeza wakati wa maumivu tu hajatibiwa.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2016 huanzia miligramu 0.5 au pungufu kwa siku chini ya miaka mitano, 0.5 hadi 1 kwa miaka mitano hadi kumi, na 1 hadi 1.5 kwa wakubwa zaidi. Daktari hupandisha taratibu. Tumbo likiharisha, dozi hugawanywa au kupunguzwa kwa muda. Pasipo na kipimo cha jeni, jaribio la miezi mitatu hadi sita chini ya daktari, na kalenda ikiendelea kupakwa rangi, ni njia halali.

Sasa hatari. Kolchisini ikizidi huua, na haina dawa ya kuigeuza. Ifungiwe mbali na watoto. Klarithromisini, ketokonazoli na ritonavia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za VVU, huipandisha kwenye damu hadi kiwango cha sumu. Balungi pia liepukwe. Na kuna jambo la kwetu: ule mmea unaotambaa wenye maua mekundu na manjano kama ndimi za moto, Gloriosa superba, una kolchisini kwenye kiazi chake. Asikudanganye mtu kwamba ndiyo "ya asili, ile ile". Kiazi hakina miligramu.

Mjamzito haachi kolchisini. Anayenyonyesha pia haachi.

Kwa wasiosaidika na kolchisini, na kwa magonjwa ya TRAPS, MVK na NLRP3, kuna dawa zinazomnyang'anya korokoroni filimbi yenyewe. Anakinra huchomwa chini ya ngozi kila siku, kanakinumabu kila wiki nne au nane. Zinafanya kazi vizuri sana na bei yake ni ya kutisha. Bima nyingi za kwetu hazitaigusa bila ripoti ndefu ya bingwa, hivyo anza kukusanya karatasi mapema. Kabla ya kuanza, kifua kikuu hupimwa. Ukiwa unazitumia, chanjo za vijidudu hai kama ya surua na ya homa ya manjano huepukwa, basi kama kuna safari, panga chanjo kabla ya dawa.

Barua ya mfukoni

Mwombe daktari wako aandike na kugonga muhuri, kisha ibebwe kila mahali, hata shuleni. Iwe fupi, daktari wa zamu hana muda saa tisa ya usiku. Kwa mgonjwa wa homa ya Mediterania ningeandika hivi:

"Kwa daktari wa zamu. Mgonjwa huyu ana homa ya kurithi ya vipindi, anatumia kolchisini miligramu 1 kila siku. Kipindi chake hudumu siku mbili, tumbo huwa gumu mithili ya kidole tumbo, na CRP hupanda. Tafadhali mpime malaria kwa hadubini, mpe dawa ya maumivu, na fanya altrasaundi kabla ya kuamua kupasua. Asipewe klarithromisini. Kama homa imepita siku tatu, au mzazi anasema safari hii haifanani na nyingine, basi si homa yake ya kawaida. Mchunguze upya tangu mwanzo."